Uchawi unaokula majina

Dar es Salaam, Jumanne usiku

Sele ndugu yangu,

Habari za Dodoma? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, mama anakusalimu sana. Kimya kimekuwa kirefu, najua, ila leo nina shida nawe hasa. Jumamosi tunarudi mezani na mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, hadithi ni mpya, msimulizi ni mimi. Mahali ni Dar hii hii ya leo: Kariakoo, Tandale, mwendokasi umefurika, kodi ya nyumba imefika na mfukoni hamna kitu.

Kinachonisumbua ni uchawi. Beka anataka moto utoke viganjani, halafu akilala nguvu zijae upya kama simu iliyokaa chaji. Nimekataa. Mtaani kwetu nani anamwogopa mtu wa kurusha moto? Watu wanaogopa chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za mwenzio. Muuza duka anaishika noti ya mteja asiyemjua huku roho inamdunda. Wanaogopa kilichofukiwa kizingitini. Na siku zote kuna mtu analipa, hapo ndipo ninapotaka mchezo ukae.

Sasa sikiliza. Kombe unalijua: zafarani, sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Aya za Kurani sizigusi kabisa, Mwanaidi amelisema hilo na mimi niko naye. Nachukua utaratibu tu. Mhusika anaandika jina la mtu anayempenda, analiosha, analinywa. Usiku ule ujuzi wa mtu huyo ni wake: akimnywa fundi, hakuna kufuli linalomshinda, akimnywa nesi, anashona jeraha gizani. Kukicha, aliyenywewa hamjui tena. Kila mhusika anaanza na majina matano kwenye karatasi yake, na mchezaji analikata jina kwa kalamu mbele yetu sote. Dadu haziguswi. Hebu mwone Beka mlango unavunjwa, na jina lililobaki ni la mama.

Lingine ni maji, yale ya Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale, Ngarambe, 1905: maji, mbarika, mtama, na risasi za Wajerumani zigeuke maji. Walimnyonga mwaka huohuo, vita vikaenda hadi 1907, na njaa ikaua watu wengi mno kusini. Siwezi kuyafanya chupa ya kununua dukani. Nimewaza hivi: kila mchezaji anatumbukiza kitu koponi kwa siri, punje ya mtama akiamini, kokoto asipoamini. Ukiwa mtama mtupu, risasi hazipiti. Ikiwemo kokoto moja, zinawapata wote, wala haijulikani ni ya nani. Ila hapa nasita, Sele. Isije ikawa kama nawaambia wale wazee walikufa kwa kukosa imani. Labda niyaache maji kabisa, au yafanye kazi mara moja tu, na tusijue kwa nini...

Viungo vya watu, hapana. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya mambo hayo, tena si zamani. Mezani kwangu hayaingii, hata kwa adui wa hadithi.

Narudi kwenye majina, maana hayanitoki kichwani. Aliyeyamaliza yote matano anakuwa nani? Nilidhani atakuwa yule mganga wa mabango kwenye nguzo za umeme, anarudisha wapenzi wa wenzake na yeye hana hata wa kumwita shikamoo. Mama Zu anasema huyo afe tu. Mimi naona kufa ni kumwonea huruma.

Wewe unaonaje? Majina matano ni mengi, au niweke matatu? Mchezaji akitaka kumnywa mwenzake wa mezani, nimruhusu? Aliyesahau aweze kukumbuka baadaye, kwa gharama ya nani? Na Mwanaidi, aliyemzika baba yake juzi tu, nimwachie achague mchezo mwingine au nimuulize mwenyewe kwanza?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa ujumbe wa sauti ukiwa njiani.

Nduguyo,
Idi