Jumamosi Somerset House: muda umebadilika

Ndugu zangu, habari za jioni. Safari yetu ya maonyesho ya sanaa za Afrika ya 1-54, pale Somerset House, London, iko palepale, ila muda umebadilika, tafadhali someni hadi mwisho.

1. Tukutane saa 5 kamili asubuhi, si saa 6 tena, nje ya kituo cha Temple. Wanaotokea Waterloo wavuke daraja kwa miguu. Somerset House iko mkono wa kulia.

2. Tiketi kila mtu anunue yake mtandaoni. Mchango wa chakula cha mchana ni pauni 12, mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Kwa wageni: maonyesho haya yalianzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui wa Moroko, na hiyo 54 ni idadi ya nchi za Afrika. Ni soko hasa, galari zinakuja kuuza. Ukiona kidoti chekundu pembeni ya picha, jua imeshapata mwenyewe. Bei mara nyingi haijabandikwa; ulizeni bila haya, kuuliza hakulipiwi. Ila msiguse, hasa kazi za nyuzi na vitambaa, hata mkono ukiwasha!

Kuna aliyependekeza tupitie na Frieze, maonyesho mengine ya sanaa, kule Regent's Park. Wiki ni hiyohiyo, kweli, lakini kwa siku moja na watoto? Mimi naona tubaki hapa.

Dada wa vitumbua, tunakutegemea.

Naomba kila mmoja ajibu NAKUJA au SIJI, na idadi ya watoto, kabla ya kesho saa 3 usiku. Asanteni sana.