Dawa imeishia mlangoni

Malmö, Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nikacheka, ya pili nikanyamaza. Eti mama kashasomesha dua ya shukrani, biriani sufuria mbili, na mtaa mzima unajua nimepona MS, ugonjwa wangu huu wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo! Kosa ni langu. Nilikuandikia "picha ya ubongo safi, hakuna doa jipya", nikaishia hapo. Sasa kaa nikueleze vizuri, maana wewe ndiye utakayemweleza mama. Mimi kwenye simu siwezi: akianza kulia nami nalia, salio linaisha hatujasema kitu.

Unaikumbuka semina ya UKIMWI pale sekondari, yule bwana na chati yake ya "askari wa mwili"? Zile CD4 alizokuwa akizichora ni za ukoo huohuo ulionigeukia mimi. Kwenye MS askari hawapungui, wanakosea adui. Ukoo huo ni seli T, seli za kinga. Zinatoka kwenye damu, zinapenya ukuta wa mishipa ya ubongo, ukuta ambao kwa kawaida haupitishi hovyo, na zikishaingia zinaivamia mayelini, lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Ganda likichunika, amri ya kwenda mguuni inachelewa, au haifiki. Ule mwaka jicho la kushoto liliponiuma, nyekundu niliiona imepauka kama kanga iliyosahauliwa juani mwezi mzima. Ndiyo kazi yao hiyo, kwenye neva ya jicho.

Na ule ukuta ukitoboka, unaonekana. Kabla ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, wanakudunga dawa mkononi, na pale inapovujia ndani ya ubongo, doa linang'aa. Picha yangu ya kwanza ilikuwa na madoa matatu yanayong'aa. Ya juzi haina hata moja. Hapo ndipo mama alipoanza kuosha mchele.

Mimi natumia rituksimabu. Ilianza kama dawa ya saratani ya tezi za limfu, lakini huku Uswidi wanaitumia sana kwa MS. Unakaa kwenye kiti, unapewa panadoli, dawa ya mzio na steroidi, kisha dripu inaanza polepole. Siku ya kwanza koo liliniwasha kama nimekula nanasi lisiloiva. Nesi akaifunga, tukakaa tukizungumzia bei ya vitunguu, akaifungua tena tone kwa tone. Siku hizi nalala mpaka inakwisha.

Dawa yenyewe inatafuta seli B, ukoo mwingine wa askari wa kinga, zile zenye alama ya CD20 mgongoni, na kuziangamiza. Utaniuliza: wabaya si T, mbona wanauawa B? Swali hilo liliwasumbua wataalamu. Wengi waliamini dhambi ya B ni kuzalisha kingamwili, zile protini za damu zinazonasa adui. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio la wagonjwa 104 yakatoka: madoa yalipungua ndani ya wiki 12, na kingamwili zikabaki karibu vilevile, kwa sababu seli zinazozimwaga hazina ile alama, dawa inazipita. Kumbe B ni wachochezi. Ndio wanaomshika T mkono, wanamwonyesha kipande cha kitu, "huyu hapa, mpige", na juu yake wanamwaga kemikali za kupandisha hasira. Ondoa mchochezi, uwanja unapoa. Utafiti wa hapahapa Uswidi uliotoka 2022 uliilinganisha na vidonge vya dimethili fumarati kwa miaka miwili: waliopata shambulio jipya walikuwa 3 kati ya 98 wa rituksimabu, na 16 kati ya 97 wa vidonge.

Shangazi aliposikia dawa inaua seli za kinga aliuliza kama Wazungu wananipa UKIMWI. Mwambie hapana, T wangu wengi wapo. Ila maambukizi nayaogopa kuliko zamani, na chanjo hazinishiki vizuri. Kabla ya dozi ya kwanza walinipima homa ya ini B, maana virusi vyake vikiwa vimelala mwilini, dawa hii inaweza kuviamsha.

Sasa nisikilize hapa, ndipo biriani lilipotangulia.

Rituksimabu ni kitu kikubwa, haikatizi ule ukuta kirahisi. Inayofika kwenye maji ya uti wa mgongo ni kama sehemu moja kwa elfu ya iliyomo kwenye damu. Kazi yake inaifanyia nje. Na dada zake wengi ni hivyohivyo: fingolimodi inawafungia askari ndani ya tezi wasitoke, natalizumabu inawaziba kile kikono wanachokamatia ukuta ili waingie. Hiyo ya pili ilikuwa kali mno hata ikaondolewa sokoni Marekani Februari 2005, wagonjwa wachache walipopata kirusi kinachokula ubongo bila doria ya kukizuia. Ilirudi 2006 kwa masharti.

Lakini ubongo una wenyeji wake. Wanaitwa maikroglia. Hawa hawakuja na damu juzi, wamo tangu tuko matumboni mwa mama zetu. Kazi yao ni kufagia, kupogoa na kulinda. Kwangu mimi, wageni walipofanya fujo na kuondoka, baadhi ya wenyeji hawakutulia. Daktari alinifungulia picha ya aina nyingine, inayoonyesha madini ya chuma, akaweka kidole kwenye doa langu la zamani: limezungukwa na pete nyeusi, nyembamba kama wanja. Pete hiyo ni maikroglia walioshiba chuma, wamekaa ukingoni wanaendelea kuguguna taratibu. Halichipuki doa jipya, hili la zamani ndilo linalotanuka. Na dripu yangu haiwafikii.

Ndiyo maana picha ni safi na mguu wa kulia unazidi kuburuta.

Kuna vidonge vinavyoitwa tolebrutinibu, vidogo kiasi cha kupita ukuta, vinavyozima kimeng'enya kimoja kilichomo kwenye B na kwenye maikroglia pia. Majaribio yake yamenifunza kuliko kitabu chochote. Kwa wagonjwa wa mashambulizi ya ghafla, havikushinda vidonge vya kawaida. Kwa wale wanaodidimia taratibu bila mashambulizi, matokeo ya 2025 yalionyesha asilimia 22.6 ya waliovimeza ndio ulemavu wao uliongezeka, wakati kwa waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ni asilimia 30.7. Umeona? Ugomvi ni miwili, wa mlangoni na wa ndani, na dawa ya mmoja si lazima iwe ya mwingine. Usikimbilie kushangilia, vilidhuru maini ya watu, mmoja alipandikizwa ini na bado akafa. Mimi sijapewa, na sijaamua kama ningekubali.

Rituksimabu siijutii hata kidogo. Bila hiyo labda jicho la pili lingeshafuata. Dua ya mama nayo sitaki iondolewe, ibadilishwe maneno tu.

Jambo la mwisho. Ile picha ya ufukweni uliyosema nimenenepa nimependeza, niliikata upande. Nakutumia tena nzima, utaona nimeshika bakora. Usimtumie mama kwenye simu. Nenda Ijumaa baada ya sala, kaa naye mkekani, ndiyo umwonyeshe.

Wako,
Zuhura