Kile Kicheko cha Hitimani

Wete, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika kwa mkono wa mpwa wako, pamoja na kanga. Kanga nimeipenda, barua imeniliza. Unasema kaka zako bado wana kinyongo na shemeji yako, mume wangu, kwa kucheka kwenye hitima ya marehemu mama, na weye lililokuuma zaidi ni kwamba hakukupa hata pole. Miezi minne umekaa nalo moyoni. Haki yako. Ningekwambia mapema, lakini wakati ule hata mie nilikuwa sijui naishi na nani.

Unajua alivyoanza. Kandambili ya mguu wa kushoto ikawa inamvuka njiani, kisha vidole vikashindwa vifungo vya kanzu. Wako waliosema kiharusi, wako waliosema ametupiwa kitu. Daktari wa Dar ndiye aliyetwambia ni ALS, maradhi ya zile neva zinazopeleka amri ya ubongo kwenye misuli: zinakufa kidogo kidogo, na misuli nayo inakonda. Dawa ya kuponya hakuna. Kijana wetu akatafuta kwenye simu, akatufariji na habari za yule Mwingereza Stephen Hawking, aliyeambiwa ana maradhi haya mwaka 1963 akaishi mpaka 2018, mwili haujiwezi na akili kali kama wembe. Basi tukashika hilo: viungo vitakwenda, akili itabaki.

Hilo ndilo lililoniponza. Kwa kuwa nilijua akili i salama, kila alilofanya nikaliita tabia. Mtoto ana homa usiku kucha, baba hata haulizi. Fedha za karafuu za msimu mzima akamkopesha mtu waliyekaa naye boti moja. Halua, ambayo tangu anioe alikuwa akiisukuma sahani, sasa anaitaka asubuhi na jioni, na akiipata hujaza mdomo wakati koo lenyewe halimezi sawasawa. Siku moja ilimkaba mpaka macho yakamtoka. Nikamwambia maneno, Raya, ambayo sitayaandika hapa.

Bao ndilo lililonifungua macho. Unakumbuka watu walivyokuwa wakitoka Mtambwe kuja kucheza naye barazani kwetu. Mikono ilipokufa ikawa yeye anataja shimo, kijana anazisogeza kete. Siku hiyo nimekaa ukumbini nachambua mchele, nikamsikia kijana: "Baba, ukienda huko nyumba yako italiwa." Akaenda huko huko. Ikaliwa. Mchezo wa pili vilevile, shimo lile lile. Wala hakukasirika, na huyu ni mtu ambaye zamani akifungwa hali chakula cha usiku.

Tuliporudi Dar nikamsimulia daktari habari za bao. Nilidhani atanicheka. Akatoa karatasi za maswali, kipimo kilichotungwa Edinburgh, Scotland, kwa wagonjwa hawa khasa, akawa anamuuliza kwa Kiswahili. Akamwambia ataje maneno yanayoanza na S, kwa dakika moja. Mume wangu, ambaye kwenye harusi za watu alikuwa akitunga mashairi papo kwa papo, akasema samaki. Sufuria. Akatazama feni. Sukari. Mpaka dakika inakwisha yamefika manne. Nikamtetea haraka: ulimi wake mzito, daktari. Akanambia ndiyo maana kuna hatua ya pili. Akamwandikia yale yale manne ayasome, akapima muda wa kuyasoma na kuutoa kwenye ile dakika. Ulimi ulihitaji sekunde chache tu. Zote zilizobaki alikuwa anatafuta neno.

Ndipo akanieleza. Kiasi cha nusu ya wenye maradhi haya hupata mabadiliko ya fikra au tabia, wengi wao madogo; na katika kila 100, kama 10 hadi 15 hupata dimenshia kamili, yaani akili kudhoofika, ile inayoanzia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo. Wengine hawaguswi, ndio kina Hawking hao. Hapo nyuma ya paji la uso ndipo mtu anapopanga, anapojizuia, anapomtambua mwenzake kuwa ana huzuni. Kumbukumbu mara nyingi haiharibiki sana, ndiyo maana hatukushtuka: mpaka leo anakutajia kila mchumaji wa msimu juzi alileta pishi ngapi.

Kicheko, daktari alikitenga na hayo. Kucheka au kulia kwa ghafla kunatokana na kuharibika kwa njia za ubongo zinazouzuia uso. Mtu anacheka na huku moyoni analia. Usiku ule wa hitima aliporudi alikaa kitandani gizani, akanambia, "Nimefedheheka." Waambie kaka zako. Lakini kutokukupa pole ni jambo jingine, na sikufichi kwa kuwa ni weye: huenda huzuni yako hakuiona kabisa.

Sasa simuulizi "unataka nini." Namwambia, uji au mkate? Fedha tumemkabidhi mdogo wake, kwa ridhaa yake mwenyewe, maadamu bado anaelewa. Daktari alitaka tumuulize mapema pia habari za mrija wa chakula wa tumboni, siku ya kumeza itakaposhindikana. Kakubali. Kuninyamazia kwake bado kunanikera, usinione walii.

Ukija Idd usimngoje akuulize hali. Anza weye, jambo moja moja, umpe muda. Halua usilete, nakuomba.

Jana nilimwambia kuwa nitakuandikia. Kimya. Nilipokwisha inuka ndio akauliza, "Raya yule aliyefiwa na mamake?" Nikamwambia ndiye. Akanitazama kidogo, kisha akaomba halua.

Wasalaam,
Shogayo Asha