Barua kwa mwanangu: kuzima si kupoa

Kigoma, Jumapili jioni

Binti yangu,

Tiketi ya treni ya Jumanne nimeshakata. Fomu yako ya kwenda Obninsk, Urusi, kusomea vinu vya nyuklia, kukaa kwangu wiki mbili bila saini, hilo tuliache. Kinachoninyima usingizi ni kimoja: kuzima si kupoa.

Fimbo za kudhibiti, zile breki za kinu, zikishushwa, atomi za urani zinaacha kupasuka, ila mabaki yake yanaendelea kutoa joto, kama mkaa chini ya jivu. Kinu cha megawati 3,000 za joto, mara tu kikizimwa, kinabaki na kama 200. Baada ya saa moja, 45 hivi. Kesho yake bado 15, na hizo zinakausha ndoo ya lita 20 kila sekunde 3 au 4. Piga hesabu mwenyewe. Hesabu huwa unaziweza kunishinda.

Kinu cha mwanafizikia Fermi kule Chicago, cha kwanza duniani, tarehe 2 Desemba 1942, hakikuwa hata na pampu ya kupoza, maana siku hiyo kilitoa nusu wati tu. Obninsk unakokwenda, mwaka 1954, walifika megawati 5 za umeme, na hapo maji yakawa ndiyo uhai.

Three Mile Island, Marekani, 1979, kinu kilikuwa kimeshazimika. Valvu ya kupunguza presha ikakwama wazi, maji ya kupoza yakawa yanatoka. Taa ikaashiria imefungwa, kumbe taa ile ilifuata amri, si valvu yenyewe. Bomba lililotoka kwenye valvu lilikuwa la moto, dalili kwamba iko wazi. Waendeshaji wakasema valvu hii inavuja siku zote. Wakapunguza maji ya dharura, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Fukushima, Japani, 2011, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima kwa tetemeko, kisha tsunami ikazamisha jenereta za pampu za kupoza, na viini vikayeyuka. Chernobyl, kinu kilicholipuka Ukraine mwaka 1986, ni habari nyingine, utafundishwa.

Wewe una aibu ya kuuliza, na mimi ndiye niliyekuzoesha kunyamaza mbele ya wakubwa. Huko usinyamaze mama. Wakikuambia kimezimwa, uliza: maji yanapita? Kipimo cha pili kinasemaje? Umeme ukikatika, pampu inategemea nini?

Dagaa wako kwenye mfuko mweusi. Mawese usibebe, dumu lile linavuja. Mama yako anataka khanga yake kabla hujaondoka, na ufunguo wa sanduku uko kwa bibi.

Kuzima si kupoa.

Baba yako