Mwanangu, kula kwanza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Gari la Gede ni Jumatatu alfajiri, na mpaka leo hujaniambia huko msitu wa Arabuko-Sokoke utakula nini. Kuna jiko? Nani anapika?

Wewe mwenyewe ndiwe uliyenisomesha habari za kirukanjia, yule mnyama mdogo mfano wa panya, mwenye pua ndefu. Kiwiliwili kidogo, joto lake halikai, moyo wapiga mamia ya mara kwa dakika moja. Wale wadogo kabisa wakikosa chakula saa chache tu hufa, ndipo usiku na mchana wakahangaika na wadudu na minyoo. Sasa mtu ayajuaye haya hushindaje na kikombe cha chai ya rangi mpaka magharibi? Usinijibu kuwa una kazi nyingi.

Kazi yako najivunia. Majirani hapa Kisauni nawaambia: mwanangu anafuata sengi, mnyama mdogo wa msituni, yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye kwa pua ungemdhani kirukanjia, kumbe kwa nasaba yuko karibu zaidi na ndovu. Hawaamini. Nawaambia pia kuwa msitu ule ndiko waliko wengi wao, na mitego inawamaliza. Ukiuona mtego mwite askari wa msitu, usiende kugombana na aliyeutega peke yako. Ulimi wako naujua.

Lakini hilo la mtoto wa sengi kumfuata mamake siku chache kisha akajitegemea, usinitolee tena kama hoja. Kirukanjia mbona huongoza wanawe msururu mmoja, kila mtoto kamng'ata mwenzake penye shina la mkia? Mimi ni mama wa namna hiyo.

Babako alitaka kuweka sumu nyuma ya friji kwa ile harufu. Nikamwambia ulivyoniambia: harufu yatoka kwenye tezi za ubavuni, na huyo ni kirukanjia, si panya, anatumalizia mende. Amenuna, lakini sumu ameirudisha dukani.

Nimekufungia mahamri na mbaazi kavu. Mbaazi ziloweke usiku, na usizigawe zote kwa wenzako siku ya kwanza. Ukifika piga simu, ukiwa umeshakula. Maji ya mfereji yamerudi jana, kanga zako nimezifua. Tochi ya kakako iko mfuko wa nje; yeye nitamnunulia nyingine Kongowea.

Mamako