Yule paka si wa bibi yako

Mabatini, Mwanza
Jumamosi asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mayu. Barua yako nimeipata juzi. Mama wa rafiki yako aliipitisha mwenyewe hadi mlangoni, nikampa maji ya kunywa na kisado cha dagaa. Sisi hatujambo. Baba yako yuko Ukerewe tangu Jumatatu, na mdogo wako ana mafua, ila hayajamlaza, yamemwongezea ukali tu.

Nilikuwa nasoma barua yako huku nacheka peke yangu, hadi nikafika pale unaposema mwalimu wa Kiswahili amewapa kazi ya fasihi simulizi, kila mmoja alete ngano moja aliyoipata kwa wazee wa kwao. Na wewe umeshachagua ile ya Paka wa Mwaloni, na juu yake umeandika "ngano ya Wasukuma niliyorithi kwa bibi yangu." Kicheko kikaniishia hapo hapo. Naomba barua hii ikuwahi kabla hujakabidhi.

Mwanangu, hadithi ile si ya bibi yako. Si ya Wasukuma pia. Ni katuni.

Nawe ungeweza kushtuka mwenyewe. Kumbuka inavyoanza: mwenye nyumba anamwambia paka, "Ukivunja chombo kimoja tu, leo unalala nje." Panya anasikia, anapanda juu ya kabati la vioo, anashika sahani ukingoni na kumwangalia paka machoni. Sasa nikuulize, bibi yako wa Magu kabati la vioo alilipata wapi? Vyombo vyake vilikaukia kwenye uchanja nje ya nyumba, umeviona kwa macho yako.

Wacha nikuhadithie ilivyokuwa.

Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, sisi tunaisikia tu kama habari za arusi ya watu wengine. Mimi na mjomba wako tulikulia kwenye redio. Tulikaa chini ya meza ya babu yako tukimsikiliza Debora Mwenda katika Mama na Mwana wa Redio Tanzania, na kila mtu alijichorea mwenyewe kichwani sura ya zimwi. Kumbuka hilo la redio, nitalirudia.

Tivii ilifika mtaani kwetu nikiwa darasa la sita, mwaka 2001. Aliyeinunua ni mama mmoja ambaye mumewe alikuwa akisafiri na meli za Bukoba. Jina lake halisi likafa siku hiyo hiyo, akawa Mama Tivii hadi alipohama. Ilikuwa ya chogo, nyeusi-nyeupe, ndogo, juu yake kuna kitambaa alichokifuma mwenyewe, na wakati wa kipindi kitambaa kilikunjwa kwa heshima kama cha altareni. Katuni zilikuwa Jumamosi asubuhi. Kiingilio: ndoo moja ya maji.

Huwezi kuelewa bei hiyo mpaka uikumbuke Mabatini ya wakati ule. Bomba liko chini barabarani, nyumba ziko juu kati ya mawe, na njia yenyewe ni ile ile unayoilalamikia ukiwa umevaa viatu vizuri. Ndoo ya lita 20 kichwani, unapanda, unamimina kwenye pipa la Mama Tivii, yeye mwenyewe amesimama pale kuhakikisha haikupungua njiani. Ukifika na nusu ndoo, unaangalia dirishani. Bibi yako alipogundua kwamba kwake namletea ndoo mbili kwa siku lakini kwa jirani napeleka moja nikiimba, sina haja ya kukusimulia kilichofuata.

Mjomba wako hakuwahi kubeba hata ndoo moja. Yeye alikuwa na kazi: alishika antena.

Antena ilifungwa kwenye bomba la chuma juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na kwa sababu ya vilima picha ilikuwa chenga tupu. Tukapelekana kwa zamu kuizungusha. Siku moja ikawa zamu yake, akalishika bomba, na tivii ikang'aa. Akaachia, chenga zikarudi. Akashika, ikang'aa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mwili wa mtu nao unaweza kupokea mawimbi ukigusa chuma, hakuna uchawi wowote, lakini wakati ule sisi tuliamini kabisa kwamba mjomba wako ana damu ya umeme. Mama Tivii akatoa hukumu: huyu haleti maji, huyu abaki juu ya jiwe.

Na akabaki. Kwa karibu mwaka mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, mtoto wa miaka kumi alisimama juu ya jiwe akiwa ameshika bomba la chuma, anaiona hospitali ya Bugando ile pale juu ya kilima, anaona ziwa, anaona kila kitu isipokuwa tivii. Sisi kumi na tisa tumejazana ndani. Yeye anasikia muziki, na anasikia sisi tukicheka.

Usiku, tukishalala kwenye jamvi, ananigusa mgongoni. "Dada, mlicheka nini pale mwanzo? Halafu pale palipopiga puuu, nani alianguka?"

Ndipo nilipoanza kusimulia, na ndipo nilipoanza kusema uongo. Mwanzoni nilimwambia nilichokiona tu. Lakini mambo ya paka na panya yale ukiyasema kwa mdomo hayatoshi, yanaisha upesi: kamfukuza, kajigonga, basi. Halafu nyumba ile ya Wazungu yenye ngazi za ndani ningemwelezaje? Nikaihamishia Kirumba, pale Mwaloni, kwa mama anayeuza samaki. Jibini nikaifanya furu wa kukaanga. Mbwa mkubwa wa jirani akawa mlinzi wa mizani. Mjomba wako alikuwa akinikatiza: "Hapana, pale muziki ulipanda polepole, kwa hiyo alikuwa ananyata." Na mara nyingi alikuwa sahihi! Mimi niliyeangalia kwa macho nilikuwa nimesahau, yeye aliyesikia tu, kama tulivyozoea kwenye redio, hakusahau.

Miaka mingi baadaye, nikisubiri mzigo wa dagaa ushushwe, nilikaa na simu nikasoma habari za wale wawili, Tom na Jerry, nikaelewa kwa nini. Waliowabuni ni William Hanna na Joseph Barbera, na filamu ya kwanza ni ya mwaka 1940. Hazikutengenezwa kwa ajili ya tivii kabisa, zilikuwa za majumba ya sinema, na zilipewa fedha na muda. Mtunzi wa muziki, Scott Bradley, aliufuatisha muziki na mwili: paka akinyata, ala zinanyata, panya akiteleza, nazo zinateleza pamoja naye. Wahusika wenyewe karibu hawasemi. Ndiyo maana watoto wa Mabatini wasiojua Kiingereza zaidi ya "good morning teacher" hawakupitwa na kitu, hata yule wa juu ya jiwe.

Katuni zao zilizofuata mjomba wako hakuzipenda. Mwaka 1957 Hanna na Barbera walianzisha kampuni yao, wakaanza kuchorea tivii, na tivii ililipa kidogo. Basi wakapunguza michoro: mwili unasimama, mdomo unacheza, na maneno ndiyo yanabeba kazi. Umewahi kujiuliza kwa nini yule dubu Yogi amevaa kola na tai lakini hana shati? Kola inaficha kiungo, ili wachore kichwa tu na mwili ubaki ule ule. Mimi niliyekuwa ndani nilimwona dubu mwenye tai nikacheka. Mjomba wako alisikia Wazungu wakiongea bila kupumua. Akashuka kwenye jiwe. Chenga! Kelele! Ilibidi Mama Tivii amhonge andazi.

Na Jumamosi yenyewe, mwanangu, nilidhani ni utaratibu wa shule zetu. Kumbe ni desturi ya Marekani. Vituo vyao vikubwa vitatu viligundua kwamba asubuhi hiyo wazazi wamelala na watoto wameamka, basi wakaijaza katuni, na waliolipa ni watengeneza midoli na wauza nafaka zenye sukari za kifungua kinywa. Yule mbwa Scooby-Doo alianza kuonekana kwenye kituo cha CBS tarehe 13 Septemba 1969, na ilikuwa Jumamosi. Wazazi wa kule wakaja juu kuhusu hayo matangazo, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuwataka wenye vituo waonyeshe pia vipindi vya kuelimisha. Safu ya mwisho ya katuni za Jumamosi asubuhi kwenye vituo vyao vya kawaida, ya kituo cha The CW, ilizimwa tarehe 27 Septemba 2014.

Nilipoiona tarehe hiyo nilikukumbuka wewe. Kwa sababu mwaka huo huo wa 2014, mwezi Januari, ndipo katuni ya Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa TBC1, imechorwa Dar es Salaam, watoto wanaongea Kiswahili. Ulikuwa na miaka minne. Mitambo ya zamani ya analojia ya kurushia tivii ilikuwa imezimwa hapa Mwanza mwaka uliotangulia, baba yako akauza baiskeli kununua king'amuzi, na sikumwambia neno kwa sababu alikuwa amekuweka mapajani kabla hata hajamaliza kuchomeka waya. Ulimpenda Kiduchu. Ulipojua kusoma ukaanza kujibu maswali yao kwa meseji, na salio langu likawa linaisha kila wikiendi bila mimi kumpigia mtu.

Mdogo wako anaangalia hizo hizo kwenye simu, saa yoyote, siku yoyote. Akichoka katikati anaruka. Simgombezi, lakini jana nilimwuliza ile aliyoiangalia iliishaje, akanitazama kama nimemwuliza habari za mwaka jana.

Turudi kwa paka. Wewe ulipokuwa mdogo na umeme ukikatika, uliniomba hadithi, na za bibi yako nilizozijua zilikuwa tatu, tena moja inatisha. Nikatoa za kwenye jamvi. Ulipouliza "hii ni ya nani?" nikajibu "ya bibi," kwa sababu ni jibu ambalo halina swali la pili. Ndiyo dhambi yangu yote. Hiyo ya sahani ndiyo filamu yao ya kwanza kabisa, ya 1940, wakati paka angali anaitwa Jasper. Kwenye filamu vyombo vinavunjika, paka anatupwa nje, panya anabaki ndani. Kwetu nilimaliza kwa kusema paka aliteremka ziwani akaogelea hadi kisiwa cha Saanane kuishi na wanyama wenzake. Mjomba wako akakataa: "Paka haogelei. Alipanda kivuko cha Kamanga bila nauli, akajificha chini ya gunia la mihogo." Ndiyo uliyoijua wewe.

Sasa utafanyaje na kazi ya mwalimu? Zile tatu za bibi nimeziandika kwenye karatasi nyingine, chagua moja. Au mweleze mwalimu ukweli, umwandikie ya paka na chanzo chake chote: Hanna, Barbera, jiwe, jamvi. Inawezekana akakunyima alama. Ila mimi ningependa kumsikia akitafuta hiyo ni ngano au ni nini.

Kabla sijaandika nilipanda Pasiansi kumwona mjomba wako. Nilikuwa nimeitafuta filamu ile kwenye simu, nikampa aione, maana kwa miaka yote hii hajawahi kuitazama. Akaipokea, akailaza kifudifudi juu ya meza ya gereji. "Ngoja kwanza niisikie." Akasikiliza mpaka mwisho huku anafuta grisi mikononi, na alicheka pale pale tulipokuwa tukicheka sisi. Ndipo akaigeuza, akaitazama kidogo.

"Kumbe paka mwenyewe yuko hivi," akasema. "Mwembamba."

Nikamwambia habari za kazi yako ya shule. Akafikiri, kisha akasema nikuambie unaweza kubadilisha chochote utakacho, isipokuwa pale pa kivuko. Pale ni pake.

Ni mimi,
Mama yako

Kwenye mfuko kuna michembe, sabuni mbili za kufulia na elfu kumi ndani ya soksi ya kushoto. Michembe ni ya kugawana, soksi si ya kugawana.