Kaka, ulisema kweli ule uzito

Shikamoo kaka. Simu zangu hupokei, mwaka wa pili huu, basi naandika hapa hapa, watu wakiona na waone.

Arobaini ya baba. Ulisema kule machimboni mtu akishuka anakuwa mzito, hata kofia inamlemea. Nami nikaokota mkaa, nikachora duara sakafuni, nikakusomesha kama mtoto wa kidato cha pili: ukiingia ndani ya dunia, tabaka lililobaki juu yako halikuvuti tena, Newton alishalithibitisha tangu 1687, kwa hiyo uzito unapungua hadi sifuri katikati. Mashemeji wakacheka. Ukakiweka kikombe cha kahawa kwenye mkeka, kimejaa vile vile, ukaondoka hata dua haijasomwa.

Hilo la dua sijakusamehe. Alikuwa baba yako pia.

Lakini duara langu lilikuwa dunia ya kitabuni, iliyo sawa kote kama donge la ugali. Hii yetu haiko hivyo. Mawe ya huku juu ni mazito kuliko maji kama mara 2.7, dunia nzima kwa wastani ni mara 5.5, maana kiini chake ni chuma. Ukishuka unaacha mawe mepesi nyuma na kuusogelea mzigo wenyewe. Airy, mwanaastronomia Mwingereza, alipima mwaka 1854 katika mgodi wa makaa wa Harton, Uingereza: pendulamu iliyokuwa chini, mita 380 hivi, iliitangulia ya juu kwa sekunde 2 na ushei kwa siku, maana mvutano ukizidi pendulamu hubembea haraka zaidi. Mvutano wa 9.8 (mita kwa sekunde, kila sekunde) tulio nao hapa unafika karibu 10.7 kwenye ukingo wa kiini, kilomita 2,900 chini. Baada ya hapo ndipo unaporomoka hadi sifuri.

Haya niliyasoma umeshaondoka.

Ila tuseme ukweli, kaka. Kilomita moja chini, mtu wa kilo 70 anaongezeka kama gramu 6, kijiko cha sukari. Kilichokuwa kinakulemea ni joto, vumbi na zamu za usiku. Achana na kazi ile. Ndiyo maana nilisema kwa ukali. Mimi ndiye niliyekuwa nakesha na mama kila redio ilipotaja kifusi, si wewe.

Anakuulizia kila Ijumaa. Namwambia huko chini mtandao haushiki. Nimechoka kumdanganya.